COMP-5 ya IBM Enterprise COBOL: inavyofaa pale namba zinapovuka kwenda lugha nyingine

Kwa mtu ambaye programu zake za COBOL hazizungumzi na lugha nyingine yoyote, aina ya data iitwayo COMP-5 haina jipya kubwa la kumpa. Mapitio haya ni ya yule mwenye programu ya COBOL kwenye meinifremu ya z/OS (mfumo endeshi wa IBM) inayopokezana namba za bainari na programu za C, PL/I, Java au asembla. Hapo ndipo COMP-5 inapoonyesha thamani yake, na baada ya kuitumia kwa muda mrefu naiweka miongoni mwa sehemu bora kabisa za kompaila ya IBM Enterprise COBOL.

Tatizo inaloliondoa halionekani upesi. Uga ulioandikwa PIC S9(4) COMP, yaani namba ya bainari (COMP) ambayo maelezo yake (PIC) yanataja tarakimu nne na alama ya kuongeza au kutoa, huchukua baiti mbili, sawa na short ya C na FIXED BIN(15) ya PL/I, na mpangilio wa baiti ni uleule, yenye uzito mkubwa ikitangulia. Ukichungulia kumbukumbu ya kompyuta hutaona tofauti yoyote. Tofauti imo katika namna kila lugha inavyozielewa baiti hizo: C huziacha zifike hadi 32,767, ilhali COBOL, chini ya TRUNC(STD), ambalo ndilo chaguo la kompaila la ukataji wa tarakimu linalotumika usipotaja lingine, hufuata tarakimu nne zilizotajwa katika PIC, na jibu likizidi 9,999 hukata tarakimu za mbele kabla ya kulihifadhi.

Niliwahi kupoteza siku mbili kwa kihesabio cha rekodi cha aina hiyo, ambacho programu ya C ilikianzisha na programu yetu ya COBOL ikaendelea kukiongeza. Faili zilipokuwa ndogo, mambo yalikwenda sawa. Faili zilipokua, kihesabio kilifika 9,999, yaani 270F kwa heksadesimali, COBOL ikaongeza moja, na katika baiti zile mbili tukakuta 0000 badala ya 2710. Hakuna ujumbe wa kosa uliotoka wala kazi haikusimama, kwa kuwa hatukuwa tumeandika ON SIZE ERROR, kifungu cha kukamata jibu lisilotosha kwenye uga, na kwa kanuni za COBOL hapakuwa na lililoharibika. Tuliandika COMP-5, ambayo huruhusu uga kutumia uwezo wote wa baiti zake, mahali pa COMP katika mstari mmoja, tukakompaili upya, na kihesabio kikapita 10,000 bila shida.

Wapo wanaoona ni rahisi zaidi kukompaili programu nzima kwa TRUNC(BIN), ili kila uga wa bainari utumie uwezo wote wa baiti zake. Jibu watalipata, lakini gharama ya hesabu itaongezeka hata kwenye nyuga ambazo hazijawahi kuguswa na lugha nyingine, na katika kazi inayopitia mamilioni ya rekodi hilo si jambo dogo. COMP-5 huuweka mzigo huo kwenye uga unaouhitaji peke yake. Isitoshe, anayesoma msimbo anaona palepale kwamba namba hiyo inatoka au inakwenda nje. TRUNC(OPT) ndiyo ninayoiogopa kuliko zote katika kazi hii, maana kompaila huchukulia kwamba thamani daima zinalingana na PIC, kisha huchagua njia yenye kasi zaidi. Thamani kubwa ikiingia kutoka C, jibu huwa halitabiriki.

Hata hivyo COMP-5 haikuondolei kazi ya kuhesabu baiti. PIC S9(9) ni baiti nne na PIC S9(18) ni nane, wakati long ya C ni baiti nne katika programu za biti 31 na nane katika zile za biti 64, kwa hiyo upande wa C ukihamishiwa biti 64, maelezo ya rekodi lazima yaangaliwe upya. Namba za desimali inayoelea nazo ziko nje ya uwezo wake: COMP-1 na COMP-2 hutumia muundo wa heksadesimali wa kale wa System/360, Java inatumia muundo wa kiwango cha IEEE, na hapo lazima pawe na ubadilishaji.

Jingine linalowakwaza wengi ni nafasi ya uga ndani ya rekodi. Herufi moja ikifuatwa na PIC S9(9) COMP-5, COBOL huiweka namba mara tu baada ya herufi, kwenye nafasi ya 1, isipokuwa umeandika SYNCHRONIZED, agizo la kupanga uga kwenye mpaka wake wa asili. C huruka baiti tatu na kuiweka kwenye nafasi ya 4, isipokuwa umeandika _Packed, agizo la kutoruka baiti. Baiti zote ni salama, ila kila upande unasoma namba yake. Kwa sababu hiyo, kabla ya jaribio la kwanza huwa nachapisha ramani mbili, ile ya chaguo la MAP upande wa COBOL na ile ya AGGREGATE upande wa C, nikaziweka sambamba na kulinganisha nafasi za nyuga moja baada ya nyingine.