Tairi la kupandia mlimani wakati wa mvua: angalia madigadi kabla ya meno

Mwezi wa kumi mwaka jana nilirudi nyumbani na matope mpaka masikioni kwa sababu ya tairi jipya. Si kipara, jipya kabisa, lenye meno marefu kama ya mamba. Nililipa shilingi 130,000, na mwenzake wa nyuma 130,000 nyingine. Nilikuwa nakwenda Kyondo, milimani kwetu Kasese, Uganda, kuona kahawa ya wakulima ninaowanunulia. Pikipiki yangu, Boxer, haikuwa na mzigo, nilikuwa mimi na mizani yangu mgongoni tu. Mvua ilikuwa imekatika kama nusu saa hivi. Kyarumba nilipita vizuri, nikijisifu moyoni. Mbele kidogo njia ikageuka udongo mfinyanzi mtupu, na sikumaliza hatua mia mbili kabla usukani haujawa mzito. Nikasikia kitu kinasugua mbele, kisha gurudumu likakataa kuzunguka. Likaganda. Pikipiki ikalala ubavu, nami nikaishia kwenye mashina ya migomba ya mtu.

Nikaokota kijiti, nikaanza kuchokonoa udongo uliojaa kati ya tairi na madigadi. Ulikuwa umeshindiliwa kama tofali. Nikasogea hatua thelathini, likajaa tena. Mara ya nne kijana mmoja wa boda akanipita na Boxer kama yangu, tairi lake limeisha nusu, nyuma kapakia mama na mtoto, na kuku wawili wananing'inia kwenye usukani. Akasimama, akashusha abiria wake, akaja kunisaidia. Akaingiza kidole chini ya madigadi yangu, kikakwama. "Dada, hapa hapapumui," akasema. "Umebadilisha tairi, hujabadilisha nyumba yake."

Basi mwongozo huu wote ni hicho kidole.

Sitaandika tairi gani linakwenda kilomita ngapi, wala lipi linapendeza kwenye picha. Hayo muulize yeyote anayeshinda steji, atakueleza mpaka uchoke. Nataka tuzungumzie kitu ambacho sijawahi kumsikia muuzaji akikitaja hata siku moja: nafasi iliyobaki kati ya tairi na madigadi.

Kwenye Boxer, kwenye TVS Star na ndugu zao wote tunaowaona barabarani, madigadi ya mbele imefungwa kwenye miguu ya shokapu, chini, karibu kabisa na tairi. Inapanda na kushuka pamoja na gurudumu, kwa hiyo nafasi haiongezeki kamwe, hata ukiruka tuta. Pikipiki za porini kama Yamaha DT zina madigadi ya mbele iliyoinuliwa juu chini ya taa, na hapo unaweza kupitisha ngumi. Tunaona DT imevaa meno makubwa inapanda mlima kama mbuzi, tunakimbia kuyatafuta meno yale yale kwa ajili ya Boxer, na tunasahau kwamba siri ilikuwa juu ya tairi.

Nilichukua rula ya shule ya mwanangu nikapima. Tairi la zamani la mbele, 2.75-17 (upana inchi 2.75, rimu inchi 17), liliacha milimita 24. Lile jipya la 3.00 lenye meno marefu liliacha 12. Nusu nzima imekwenda! Na hesabu yake ni rahisi. Matairi haya yanayopimwa kwa inchi, upana ukiongezeka na kimo hupanda karibu vilevile, kwa hiyo kutoka 2.75 hadi 3.00 umekula milimita 6. Meno nayo yakizidi ya kawaida kwa milimita 6, umemaliza. Udongo wetu wa mlimani ukilowa unanata kama ugali, unapanda na tairi, unagonga madigadi, unabaki pale. Mzunguko unaofuata unaleta tabaka jingine juu yake.

Kipimo changu siku hizi ni gunzi la hindi. Gunzi jembamba lipite kati ya tairi na madigadi bila kusukumwa, mbele na nyuma. Nyuma mpakie mtu mzito kwanza, kwa maana mzigo unashusha pikipiki na tairi linapanda ndani. Lisipopita, hilo tairi si lako, hata wakikupa bure.

Hapa nijibu swali la ndugu mmoja aliyenitumia video kutoka Canada: pikipiki ya magurudumu manne imevuliwa matairi ikavalishwa mikanda ya mpira kama katapila, inakimbia juu ya theluji. Akauliza kama kitu hicho kingetufaa huku Kasese. Mikanda hiyo ipo kweli. Camso wa Magog, Quebec, walijijengea jina kwayo mpaka Michelin wakainunua kampuni mwaka 2018, na seti moja huko ni maelfu ya dola. Kazi yake ni kutandaza uzito ili chombo kielee juu ya theluji kisizame. Lakini theluji yetu iko juu kabisa kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109, na huko wapandaji wanakwenda kwa miguu. Huku chini hatuna haja ya kuelea. Matope ya njia zetu mara nyingi yana sakafu ngumu chini, na unachotaka ni kuyakata mpaka uiguse. Tairi nene linaelea juu ya utelezi, linakupeleka litakako. Tairi jembamba linazama kidogo, linashika chini. Ndiyo sababu yule kijana na kuku wake walinipita.

Sasa nipange, kwa Boxer na wenzake.

Namba moja ni MRF, saizi ile ile iliyokuja na pikipiki, yenye meno ya vitofali vilivyoachana, si yale marefu. Kwangu ni 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, wewe soma ubavuni mwa tairi lako la zamani, kwa maana zipo zenye rimu ya 18. Sifichi, MRF naipenda. Ni kampuni ya Chennai iliyoanza mwaka 1946 kwa kutengeneza maputo ya watoto, na labda ndiyo maana wanajua mpira. Ubavu wake haunipasukii nikipita kwenye mawe na gunia la kahawa la kilo 60 nyuma, na mpira wake haugeuki ubao baada ya kiangazi kimoja. Vile vitofali vimeachana kiasi kwamba udongo unadondoka wenyewe ukiongeza mwendo kidogo. La nyuma nilinunua shilingi 120,000 na sijajuta. Mwenye kusema nimelipwa na MRF, natamani angekuwa sahihi.

Namba mbili ni CEAT au TVS Eurogrip, saizi ile ile, meno ya aina ile ile. Ni matairi mazuri. Nimetumia CEAT miaka miwili bila kesi. Kama MRF haipo dukani, usirudi nyumbani mikono mitupu.

Namba tatu ndiyo yale meno marefu yaliyoniangusha. Hayana kosa lolote yakivaliwa na pikipiki yenye madigadi ya juu. Ukiyang'ang'ania kwenye Boxer, mpe fundi ainue madigadi ya mbele kwa vipande vya chuma, na uchukue saizi ya kawaida, si iliyozidi. Vijana wengi wa milimani wanaing'oa kabisa. Inasaidia, lakini utakula matope kwa macho na mdomo, na mteja wako wa kiti cha nyuma hatakupigia simu tena. Kwenye lami meno hayo yanatetemesha mikono na breki zinachelewa. Kutoka Kasese mjini mpaka Mpondwe ni lami tupu, ujiulize unapita wapi siku nyingi.

Kuzungushia mnyororo au kamba ya katani kwenye gurudumu la nyuma kunakutoa shimoni mara moja. Lakini nayo inataka nafasi, tumerudi palepale. Pima na gunzi kwanza, usije ukaking'oa kikinga cheni.

Yale ya bei ya kutupa, yenye jina usilolijua: yanateleza hata kwenye vumbi. Tuendelee.

Upepo: nikiwa peke yangu naweka psi 22 mbele na 28 nyuma kupanda matopeni, nikishuka najaza. Usipunguze sana kama wenye magari ya porini wanavyofanya. Haya yetu yana tyubu ndani, na upepo ukiwa mdogo tairi linatembea juu ya rimu, linavuta tyubu, shingo ya vali inakatika. Utakuwa umepata pancha isiyozibika, na fundi yuko bondeni.

Wauzaji sasa, maana wamenikaa kooni. Nilipomrudia yule aliyeniuzia, simtaji, akaniambia, "Madamu, tairi ni zima, wewe ndiye hujui kuendesha." Naendesha tangu mwanangu hajazaliwa. Kabla ya hapo, siku ya kununua, nilimuuliza kama hiyo saizi itaingia. "Inaingia, hakuna shida." Kweli iliingia. Hata mimi ningeingia kwenye friji mkinisukuma vizuri.

Halafu nikaona jambo jingine. Ubavuni mwa tairi kuna kiduara kirefu chenye tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. La kwangu liliandikwa 3517. Juma la 35, mwaka 2017! Mpira ule ulikuwa umezeeka rafuni, ukapakwa mafuta meusi ukang'aa kama viatu vya bwana harusi. Nikamwonyesha, akasema hiyo ni namba ya kiwanda. Ni kweli ni ya kiwanda, baba, inasema kiwanda kilitengeneza lini. Siku hizi nakwenda na tochi ya simu, nasoma kiduara kabla sijauliza bei. Lililozidi miaka mitatu namwachia mwenyewe.

Na bei zenyewe! Dola ikipanda, tairi linapanda jioni ile ile, hata lile lililokaa dukani tangu mwaka juzi. Dola ikishuka, unaambiwa mzigo huu ni wa zamani. Ukiuliza zaidi unaletewa Mombasa, lori, mpaka, na VAT ya asilimia 18, lakini risiti ya hiyo VAT ukiiomba kitabu kimeisha. Nikimtuma kaka yangu kwenye duka lile lile anapunguziwa elfu kumi na tano kabla hajafungua mdomo. Mimi nikivua helmeti tu, bei inapanda. Kwa hiyo namtuma yeye, lakini kiduara nasoma mwenyewe.

Pesa hazikurudi. Lile la nyuma nimemwachia fundi kwa elfu arobaini. La mbele nililitupa nyuma ya jiko, na tetea wangu mwekundu ameshataga mayai sita ndani yake, ukisogea anakudonoa.