Kabla hujalipia kamera ndogo, piga nayo picha ya ukuta kwanza

Mwenzenu nilipigwa, na nianze hapo hapo maana nikianza na sensa na megapikseli mtasinzia.

Nilinunua kamera ndogo ya kutumbukiza mkobani, iliyotumika, ile aina ambayo ukiiwasha lenzi inachomoza mbele kama kobe anatoa kichwa. Jina la kampuni silitaji kwa sababu hili lingeweza kunikuta kwa kampuni yoyote. Muuzaji akaiwasha mwenyewe palepale kaunta, akapiga picha mbili tatu za mabegi yaliyoning'inia, akanionyesha kwenye skrini, safi kabisa, "dada hii ni kama mpya, mwenyewe kaitumia mara mbili tu." Nikalipa nikaondoka nacheka peke yangu. Wiki mbili baadaye nampiga picha mtoto wa dada yangu anarusha tiara, mchana kweupe, zumu nimeivuta mpaka mwisho, nafika nyumbani nahamishia picha kwenye kompyuta naona doa la kijivu angani, karibu na tiara, kubwa karibu sawa na kichwa cha mtoto. Nikasema ndege huyo. Picha inayofuata doa lipo palepale. Inayofuata, palepale. Picha arobaini na kitu, ndege gani huyo hasogei?

Nikafuta lenzi kwa kitambaa, nikapuliza, nikafuta tena, wapi. Nikampelekea fundi, akaifungua, akaniita nichungulie kwenye kioo chake cha kukuzia, na pale juu ya sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuugeuza picha, kulikuwa na kijiuzi cha bluu kimejikunja kama kope. Mimi sina nguo ya bluu ya namna ile hata moja. Maana yake nilinunua kamera pamoja na mfuko wa suruali ya mtu mwingine.

Sasa ndo niwaambie kitu ambacho kwenye boksi hakiandikwi na kwenye video za mapitio watu wanakirukaruka. Lenzi inayotoka na kurudi ni pampu. Kama pampu ya baiskeli vile. Kila ukiwasha, zile bomba zinavutana kwenda mbele, nafasi ya ndani inaongezeka, hewa lazima iingie kuijaza, na inaingia kupitia vinafasi vilivyo kati ya bomba na bomba. Hewa ya mfukoni ni ya nyuzinyuzi, ya mkobani ni ya poda na makombo. Kwenye kamera kubwa za kubadilisha lenzi, vumbi likikaa kwenye sensa unatoa lenzi, unapuliza kwa kipulizio cha mkono, yameisha. Kwenye kamera ndogo lenzi haitoki, kwa hiyo kufuta punje moja ya vumbi ni kufumua mashine nzima, skurubu ndogo kuliko punje ya mchele, na fundi akikutajia gharama unajikuta unajiuliza si bora ninunue nyingine tu.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki: jaribio la dukani ndilo linaloficha huo ugonjwa! Ndani ya duka mwanga ni mdogo, kwa hiyo kamera inafungua tundu la lenzi lote, na tundu likiwa wazi sana mwanga unakuja kutoka kila upande, kivuli cha vumbi kinatawanyika, huoni kitu. Ukitoka nje kwenye mwanga, au ukivuta zumu, tundu linakuwa dogo, mwanga unanyooka, kivuli kinakaza, doa linakuja. Mimi nilijaribu kamera mahali pekee ambapo isingeweza kuumbuka.

Jaribio lenyewe ni hili. Weka kwenye A, ile hali ya kuchagua tundu mwenyewe, uchague namba kubwa kabisa ya f (nyingi za hizi ndogo zinaishia 8 au 11, na msisahau namba kubwa ndo tundu dogo, kinyume na akili zetu). Vuta zumu mpaka mwisho. Elekeza ukuta mweupe au anga au hata karatasi, piga, geuza kamera kidogo, piga tena. Halafu kuza picha uikague kona kwa kona, hamishia kwenye simu ukiweza uongeze kontrasti. Doa likihama na ukuta ni uchafu wa ukuta. Likibaki palepale kwenye picha zote mbili, mrudishie mwenyewe. Kama kamera haina A, toka nje mchana, vuta zumu yote, piga anga. Muuzaji akikukatalia kutoka nayo nje, ujue amekwisha jibu.

Haya, sifa za kwenye boksi, kwa haraka maana watu wananiuliza hizo kuliko zote.

Megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, waachieni wauzaji. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 iliyochapishwa kwa nukta 300 kwa inchi inataka kama megapikseli 9, basi. Kamera ya 12 inatosha, ya 20 inatosha zaidi, na ya 48 yenye sensa ya kidole cha mtoto inakudanganya.

Sensa ndo yenyewe, ila vipimo vyake vimeandikwa ili usielewe. Ukiona 1/2.3 hiyo ni sensa ya takriban milimita 6 kwa 4 na nusu. Ukiona "inchi 1" usidhani ina inchi moja mahali popote, ni milimita 13.2 kwa 8.8, jina limerithiwa kutoka mirija ya kamera za video za zamani ambayo ilipimwa unene wa kioo cha nje. Hata hivyo eneo lake ni kama mara nne ya ile ndogo, na APS-C, sensa ya kamera nyingi za kubadilisha lenzi, ni zaidi ya mara kumi na mbili ya ile ndogo. Eneo kubwa mwanga mwingi, usiku picha haziwi na mchangamchanga.

Zumu, soma milimita za lenzi (ndogo inaona upana, kubwa inafika mbali) siyo ile "5x". 24 hadi 120 ni 5x na 28 hadi 140 nayo ni 5x, lakini ya kwanza inaingiza watu wengi zaidi kwenye chumba kidogo na ya pili inafika mbali zaidi. Zumu ya kidijitali ni kukata picha na kuitanua, usiilipie. Na namba za f huandikwa mbili, kwa mfano f/1.8-4.9, wauzaji wanakutajia ya kwanza tu kwa sauti. Ya pili ndo utakayokutana nayo ukivuta, na kutoka 1.8 kwenda 4.9 umepoteza mwanga zaidi ya mara saba. Mara saba jamani.

Sasa kupanga. Mimi ni mtu wa Olympus na sijifichi, kwa hiyo anayetaka mizani sawa atafute kwingine. Namba moja yangu ni Tough TG-7 ya mwaka 2023, na ukiipata TG-6 ya 2019 iliyo nzima ni karibu kitu kilekile, tofauti utakayoihisi ni kwamba ya 7 inachaji kwa USB-C. Msichanganyikiwe na jina, kitengo cha kamera cha Olympus kilitoka kwenye kampuni mama Januari 2021 na siku hizi kwenye kamera kumeandikwa OM System. Kwa nini hii? Lenzi haitoki! Zumu yote inafanyikia ndani, mbele kuna kioo kimetulia, hakuna pampu. Imezibwa vumbi, inaingia majini mita 15, imetengenezwa kuhimili kuanguka mita 2.1, na mimi ya kwangu imeanguka ngazini ikabaki na mkwaruzo tu kwenye kona. Halafu ina ile hali ya maikroskopu, unasogea mpaka sentimita 1 kutoka kwenye kitu. Nilimpiga siafu kwenye fremu ya mlango, nikakuza, nikaona vinywele vya miguuni, niliacha kazi zote siku ile nikawa natafuta wadudu.

Ubaya wake nausema pia. Sensa ni ile ndogo ya 1/2.3, megapikseli 12, usiku ndani ya ukumbi itakuaibisha. Haina kidirisha cha kuchungulia, kwa hiyo kwenye jua kali unapiga kwa kukisia. Kwenye A unapewa hatua tatu tu za tundu, hakuna hali ya kuchagua mwendo wa shata, yaani muda wa kuruhusu mwanga uingie. Na ile mipira ya milango ya betri inazeeka, inatakiwa kubadilishwa, na unywele mmoja ukilala pale kwenye mlango maji yanaingia, kwa hiyo ukinunua iliyotumika fungua mlango uangalie mpira kama una ufa, usiamini neno "haiingii maji" la mtu ambaye hajawahi kubadilisha kitu. Lakini picha zangu hazina doa, mwaka wa ngapi huu.

Ya pili Fujifilm X100VI ya 2024, au X100V iliyoitangulia 2020. Sensa ya APS-C, lenzi moja isiyo na zumu, sawa na milimita 35, f/2. Tena lenzi haichomozi kama kobe, na ukifunga mbele ringi yake maalumu na filta (kioo cha kufunika lenzi) ya milimita 49 inakuwa imezibwa vizuri. Picha zake ni nzuri kuliko za TG kwa mbali, siwezi kubishana. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya hasira. Kamera ilipopata umaarufu kwenye video fupi za simu, watu wakaanza kuzinunua na kuziuza siku hiyohiyo, iliyotumika ikawa ghali kuliko mpya, na muuzaji anakuangalia usoni anakwambia "hizi haziko dada, chukua nikuachie kabla hajaja mwingine." Mwingine nani? Kila siku huyo mwingine anakuja na hafiki.

Ya tatu, na hapa ndo wengi wenu mtaishia, ni zile za inchi 1, Sony RX100 na Canon G7 X. Sony ndo waliofungua mlango mwaka 2012, wakafika toleo la 7 mwaka 2019. Kwa mtu anayepiga watu na ndani ya nyumba nashauri toleo la 3, lenzi yake ni 24 hadi 70 na f/1.8-2.8, maana yake hata ukivuta mwanga haukimbii. Toleo la 7 linafika 200 lakini linaanza f/2.8, unalipia mbali kwa kutoa usiku. Canon G7 X Mark III ina tundu la maikrofoni na ngozi za watu zinatoka vizuri, ndo maana wapiga video wameing'ang'ania. Zote mbili lakini ni kobe. Hazijazibwa. Mpya, ziwekee kipochi kisafi na mkizima subirini lenzi irudi yote kabla ya kusukumiza mfukoni. Zilizotumika, ukuta mweupe kwanza, salamu baadaye.

Ricoh GR III inanisumbua moyo. Sensa ya APS-C ndani ya kitu cha gramu 257 pamoja na betri, unaificha kwenye kiganja, lenzi ya 28 kali kama wembe, lakini lenzi inatoka. Ricoh wenyewe wameiwekea mtikiso wa kukung'uta vumbi kwenye sensa, basi jiulizeni kwa nini. Anayeipenda aichukue, mimi natazama tu.

Za bei rahisi zisizo na jina, zilizoandikwa 48 au 64 kwa herufi kubwa kuliko jina lenyewe, picha zake zimetanuliwa na programu na nyingi hata fokasi haziwezi kurekebisha. Simu yako inazishinda. Nimemaliza.

Na hizi za zamani za CCD, aina ya sensa ya enzi zile, zilizorudi kwa fasheni, kamera za miaka ya 2000 ambazo watu walikuwa wanazigawa bure, leo zimebandikwa neno "vinteji" na bei imepanda juu. Sina neno na rangi zake, zinapendeza. Ila kuna anayekuuzia ya kadi ya xD bila kukwambia kwamba hizo kadi zilishaacha kutengenezwa, unafika nyumbani na kamera nzuri isiyo na pa kuweka picha. Mlango wa kadi ufunguliwe mbele yako. Na hizo ndo zimepampu mifukoni miaka ishirini, kwa hiyo ukuta tena.

Yule muuzaji wangu nilimrudia na picha za tiara kwenye simu. Akazitazama moja moja, taratibu, akanirudishia simu. "Dada," akasema, "hilo si wingu?"