Saa ya GPS inayovaibreti, niliivaa kupanda Lupanga

Wapanda milima wenzangu, hii saa nunueni. Niliivaa Lupanga kule Uluguru, mita 2,138, na ukishaingia msituni ukungu ukishuka njia huioni kabisa, ni mizizi na utelezi tu. Unapakia njia kabla hujatoka nyumbani, ukiiacha kidogo inakuvaibretia mkononi na kupiga mlio, halafu mshale kwenye kioo unakuonyesha urudi upande gani. Mlio kwenye upepo husikii, ila ile vaibresheni unaisikia hata ukiwa na koti la mvua, na macho yanabaki chini unapokanyaga, hapo ndo imenikosha.

Shida ni kwenye miti mizito na mabonde, mawimbi ya setilaiti yanazibwa basi inakwambia umepotea wakati uko njiani kabisa, subiri itulie kwanza usikate kona. Ukiwasha GPS na Galileo (setilaiti za Ulaya) pamoja inakuwa afadhali ila chaji inakwenda mbio. Kioo cha kugusa kikilowa kinajibonyeza chenyewe, chukueni yenye vitufe jamani. Na mwongoza njia mwenyeji msimwache, saa haijui njia ipi imeporomoka na mvua za juzi.