T3P kwa kutengeneza amidi: uzoefu wangu

Ukichanganya asidi ya kaboksili na amini bila kingine, unapata chumvi. Kuilazimisha chumvi hiyo iachie maji iwe amidi (kaboni ya asidi ikiwa imeungana na nitrojeni ya amini) kunataka joto kali, mara nyingi nyuzi 160 au zaidi, na molekuli dhaifu haitoki salama humo. Lazima asidi iamshwe kwanza, yaani igeuzwe kuwa umbo linaloshikana na amini kwa urahisi. Nimetumia vitendanishi vya DCC, EDC na HATU kwa kazi hiyo. Sasa chupa ninayoifikia kwanza ni T3P, anhidridi ya asidi propilifosfoniki.

Huja kama myeyusho mzito wa asilimia 50, wangu ukiwa ndani ya ethili asetati. Naweka asidi, amini na piridini kwenye ethili asetati, napoza kwa barafu, nadondosha T3P taratibu, halafu naacha vyote virudi kwenye joto la chumba. Asidi amino ya L hubaki L (haigeuki kuwa D, pacha wake wa kioo) kwa kiasi kinachoniridhisha sana, na hapo ndipo vitendanishi vingi huniangusha.

Lakini kilichonivuta hasa ni usafishaji. Mabaki ya T3P huyeyuka kwenye maji. Naosha kwa asidi hafifu kuondoa piridini na amini iliyozidi, kisha kwa bikabonati kuondoa asidi iliyobaki, nakausha, navukiza kiyeyushi, na mara nyingi sihitaji kuitenganisha zaidi kwa safu ya silika. Anayeijua yurea nyeupe, masalia ya DCC, inavyopenya chujio na kuibuka tena kwenye fuwele, ataelewa furaha yangu. Tena HATU imewahi kusababisha mzio mkali kwa watu wa maabara, na HOBt, kiongezi kinachotumiwa pamoja na DCC au EDC, ikiwa kavu inaweza kulipuka. Kwangu hayo si mambo madogo.

Angalia hesabu. Moli moja ya T3P ni gramu 318, kwa hiyo unapima gramu 636 za myeyusho, na kwa kawaida unahitaji zaidi ya moli moja kwa kila moli ya asidi. Chupa ifungwe vizuri, maji huiharibu. Kama amidi yako inayeyuka kwenye maji, faida ya kuosha imepotea, chagua kitu kingine. Na ukitengeneza amidi kwa amonia badala ya amini, usipashe moto: T3P huweza kuinyang'anya amidi yenyewe maji na kukuachia nitrili (kaboni na nitrojeni zilizoungana kwa kiungo mara tatu).

Kwa peptidi ndefu zinazojengwa juu ya rezini (chembe za plastiki zinazoishikilia peptidi) bado natumia HATU, nikiwa na glavu na ndani ya kabati la hewa. Kwa amidi nyingine nyingi, T3P inatosha.