Steki ya kikauboi Arusha, kama mnatokea Dar na njaa someni hii kwanza

Jina la mgahawa siliandiki mana kuna vitu nitavisema vibaya na bado nataka nirudi kula. Nyama yao ni ya ukweli, tena ya ukweli kabisa, ila namna wanavyoileta mezani ndo inayoiharibu, na bili yao isome ukiwa umevaa miwani.

Tulikuwa tunatoka Dar kwenda Karatu, mama mkwe kakaa mbele, wife na watoto nyuma, shemeji anaendesha. Ile barabara mnaijua, ukishapita Korogwe kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki wamejibanza na tochi zao, mnatembea kama mnasindikiza maiti. Tulivyofika Himo shemeji akatoa tamko kwamba mishkaki ya stendi basi, leo anataka steki ya kukaa chini na kisu mkononi, na kwakuwa usukani ni wake nani abishe.

Mgahawa wenyewe wamejitahidi mapambo, huko ndani Texas tupu. Fuvu la ng'ombe ukutani, tandiko la farasi kwenye kaunta, muziki wa kantri, maweita wamevaa kofia pana na mabuti wakati nje joto lipo. Kilichonichekesha ni kwamba wenye ng'ombe wenyewe, watu waliochunga tangu wana miaka sita, wamesimama getini na lubega wanalinda magari, alafu kijana wa Sakina, mtaa wa hapa hapa mjini, ndo kauboi. Kuna bango pia linasema ukimaliza steki ya kilo moja na chipsi zake peke yako hulipi. Hiyo wameigiza kutoka kwa Big Texan Steak Ranch ya Amarillo, Texas, wale wapo tangu 1960 na steki yao ni ya aunsi 72, yaani kama kilo mbili hivi, unapewa saa moja uimalize pamoja na viazi na saladi na vikorokoro vingine. Shemeji akaanza kulegeza mkanda, mama mkwe akamwangalia tu, akaukaza.

Sasa nyama. Mimi nilichukua tiboni ya gramu 500, elfu 45. Kwa wasioijua, ule mfupa wa herufi T umegawa nyama mbili tofauti, upande mkubwa ni saloini na upande mdogo ni fileti, kwahiyo unaonja zote mbili kwa bei moja. Ubaya wake fileti inawahi kuiva, mpishi asipoielekeza upande wenye moto mdogo unakuta huku tamu huku kamba. Huyu wa kwao anajua kazi, nilisema mediamu, yaani iive kiasi ibaki na waridi ndani, na kisu kilivyopita nikakuta nje imeungua kidogo na chumvi imeshika vizuri, ndani waridi mpaka karibu na mfupa, kote. Mafuta ya pembeni wameyaachia yakaiva hadi yakawa yanavunjika mdomoni. Weita anasema ng'ombe ni Borani, ile mbegu ya ng'ombe wa nyama, na nyama wanailaza kwenye chumba cha baridi wiki mbili na zaidi kabla ya kuikata, na mimi namwamini, mana nyama yetu ya kawaida ya ng'ombe aliyetembea kilomita na kilomita kutafuta majani, amechinjwa alfajiri na saa sita yuko jikoni, hailainiki hivyo hata uibembeleze. Inavyolala ile misuli inajilegeza yenyewe, na muda huo bucha zetu hazina mana wateja wanataka nyama ya leo. Halafu gramu 500 ni kabla ya moto, ikiiva inapungua kama robo, na mfupa nao umo humo humo kwenye hesabu.

Shida inaanzia kwenye sahani. Wanakuletea kwenye kile chuma cha moto kinachofoka tsssss mpaka meza nzima inageuka, watoto walipiga makofi. Picha safi sana, ila nyama inaendelea kuiva pale pale mbele yako, ukipiga stori dakika kumi mediamu yako imeshakuwa nyingine kabisa. Waambieni mapema wawape sahani ya kawaida, wanazo, hawazitoi tu mpaka uombe.

Mama mkwe alichukua fileti elfu 40, na weita hakumuuliza anaitaka vipi. Hilo ni kosa kubwa kwa mgahawa wa steki, sehemu kama hiyo ndo swali la kwanza. Kaikata, kaona wekundu, kasukuma sahani.

"Kijana, hii nyama ina damu."

"Shikamoo mama. Hiyo sio damu mama, damu yote ilibaki machinjioni, hayo ni maji ya nyama yenyewe."

"Marahaba. Mwanangu mimi ni mtu wa Machame, nyama nimeanza kuijua babako hajaoa. Irudishe."

Kijana alisema kweli jamani, ule wekundu ni mayoglobini, protini iliyoko kwenye misuli, ila kuna watu huwezi kuwaambia hivyo na ukabaki salama. Ikarudi jikoni, ikaja imepasuliwa katikati, kavu, kama elfu 40 imechomwa kiberiti. Fileti haina mafuta ya kuiokoa, ukiikausha imekwisha. Kama na nyie mna mzazi wa namna hiyo msimwagizie fileti, mwagizieni mbavu, elfu 35, zile wanazipika masaa kwa moto mdogo mpaka nyama inaachia mfupa na wekundu hauonekani popote. Shemeji alikula hizo na mwishoni mama mkwe alikuwa anadokoa kutoka kwake.

Ila kwenye baga ya mtoto ule wasiwasi wa bibi na wekundu ulikuwa sahihi asilimia mia. Ilikuja na pinki katikati, elfu 20, na hapo mimi ndo niliyeinuka. Steki nzima wadudu wanakaa juu, moto ukiunguza nje umewamaliza, nyama ya kusaga imechanganywa juu na ndani kwahiyo lazima iive yote. Wamarekani hao hao wanaoigizwa humu ndani mwongozo wao ni nyuzi 71 za sentigredi kwa nyama ya kusaga, na 63 kwa kipande kizima na kukipumzisha dakika tatu. Waliibadilisha bila maneno, lakini kuibadilisha ilichukua muda na mtoto alikuwa ameshajaza tumbo kwa chipsi. Chipsi zenyewe za kawaida tu, laini, za mafuta ya jana. Kachumbari nzuri. Ndizi za kuchoma hawana, Arusha hii, nashangaa mpaka sasa.

Tuje kwenye bili. Weita anakuuliza kwa upole kabisa "niwaletee sosi ya uyoga au ya pilipili manga?" na wewe unajibu kama inakuja na nyama, kumbe kila kibakuli elfu 6. Tukaletewa viwili. Na chini kabisa ya menyu kwa herufi za sisimizi wameandika bei haijajumuisha VAT, hiyo ni 18%, kwahiyo ile tiboni ya elfu 45 ni 53,100 ukweli wake. Vyakula 140,000, sosi 12,000, vinywaji 25,000, jumla 177,000, na ukiweka VAT bili ikapanda mpaka 208,860. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, walitoa wenyewe bila kuombwa, hapo nawapa maksi. Ila kwa hela hiyo Kwa Mrombo, kule kwenye nyama choma za Arusha, mngechoma nyama, mkaongeza ndizi na bia na bado mnabaki na ya mafuta. Wife anasema hatarudi. Mimi narudi, kwa tiboni tu, vingine wabaki navyo.

Kama mko safarini jueni kwamba hapa hapakimbiliwi. Tuliagiza saa kumi na mbili jioni, chakula kikaja saa moja kasoro kidogo, na magari ya watalii yakishaanza kuingia jiko linazidiwa. Pigeni simu mkiwa Usa River muagize kabisa, waambieni na kiwango cha kuiva cha kila mtu, wanakubali. Paking ipo ya kutosha hata Kosta inageuka, vyoo visafi. Na ombeni meza za nje kule nyuma kwenye miti, ndani jiko liko wazi na moshi unawaganda kwenye nguo, shuka la mama mkwe lilikuwa linanuka saloini mpaka Karatu.