Uzi wa kubadilika rangi kwa kadigani ya kroshia: upi ununue, upi uuache dukani

Uzi wa kubadilika rangi ukiwa bado donge dukani hauoneshi kadigani itakuwaje. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonigharimu. Kadigani yangu ya kwanza niliifuma Mbeya mwezi wa Juni, baridi ile ya kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Nilikuwa nimenunua donge moja kubwa, linaanzia krimu na kuishia bluu ya usiku. Nikafuma mgongo, nikafuma upande wa mbele wa kulia, nikafika wa kushoto. Upande mmoja ulikuwa rangi ya maziwa, mwingine rangi ya wino, kama nguo mbili zilizounganishwa kwa vifungo. Nilifumua kazi ya wiki tatu.

Tangu hapo, kabla ya kuuliza bei, nauliza rangi moja inakwenda mita ngapi kabla ya kugeuka nyingine. Hicho ndicho kipimo ninachopangia uzi wote hapa chini.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya nyumbani. Fuma mstari mmoja wa vishono virefu (vile unavyozungusha uzi sindanoni mara moja kabla ya kuiingiza) kwa upana unaoutaka, uufumue, kisha upime uzi uliotumika. Kwa uzi wa unene wa wastani na sindano ya kroshia ya milimita 4, kishono kimoja kirefu hula kama sentimita 4 na nusu. Mgongo wenye vishono 90 basi unakula mita 4 hivi kwa mstari. Rangi ikiwa na urefu wa mita 40, utapata mistari kumi ya rangi hiyo mgongoni. Kwenye mkono wenye vishono 40, rangi ileile itakupa mistari 22. Na ukiamua kufuma kiwiliwili chote kwa pamoja, mbele na nyuma, vishono 200, utapata mistari minne tu na ushei. Ndiyo maana kadigani nyingi za uzi huu huwa na mistari myembamba tumboni na mapande manene mikononi, na mfumaji anabaki kushangaa. Uzi haujaharibika. Ni upana wa kazi uliobadilika.

Jambo jingine la kabla ya kununua: usilinganishe bei ya donge kwa donge. Gawanya bei kwa mita. Kadigani ya mtu mzima wa mwili wa wastani, mikono mirefu, inahitaji kama mita 1,200 hadi 1,500 za uzi wa wastani, na uzi mwembamba hufika mita 1,800 au zaidi. Kroshia hula uzi kuliko sindano mbili, kwa hiyo usichukue kipimo cha jirani anayefuma sweta za shule kwa sindano mbili.

1. YarnArt Flowers, madonge mawili

Huu ndio ninaoushauri kwanza. Unatoka Uturuki, pamba asilimia 55 na akriliki (uzi wa kutengenezwa kiwandani, jamii ya plastiki) asilimia 45, na donge moja la gramu 250 lina mita 1,000. Rangi zake hupita mara moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole sana. Uzi wenyewe ni nyuzi nne nyembamba zisizosokotwa pamoja, na rangi hubadilishwa kwa kuondoa uzi mmoja na kuingiza mwingine kwa fundo dogo, kisha wa pili, kisha wa tatu, mpaka rangi yote imegeuka.

Ndiyo, huu ni uzi wa aina ileile iliyoniharibia ya kwanza. Tofauti ni kwamba sasa nanunua mawili, na sifumi vipande. Nafuma pembesita mbili kubwa, kila moja kwa donge lake, nikianzia katikati. Pembesita ukiikunja inakaa kama herufi L: mkono upande mmoja, nusu ya kiwiliwili upande mwingine. Unaunganisha mbili hizo mgongoni na kadigani imepatikana. Kwa kuwa zote zimeanza na rangi moja na kukua kwa idadi ileile ya vishono, kulia na kushoto zinafanana kabisa. Mabaki ya madonge yote mawili yanakuwa rangi moja, na hayo ndiyo ya ukosi na ukingo wa chini. Sijaona mpango mwingine unaoutendea haki uzi huu namna hiyo.

Dukani angalia namba ya rangi na namba ya loti, yaani ya mkupuo uliotiwa rangi pamoja, kwenye karatasi ya kila donge. Zote mbili zifanane. Muuzaji mmoja aliwahi kunihakikishia kwamba "ni zilezile tu", nikaamini kwa kuangalia juu juu, na kijani cha donge la pili kikawa cha manjano zaidi. Kwenye mwanga wa jua ilionekana hatua kumi mbali.

Ubaya wake ni kwamba nyuzi nne zisizosokotwa huachana, na sindano yenye ncha kali hupita katikati yake. Tumia sindano ya ncha butu, milimita 3 hadi 3 na nusu. Kwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, pale unapotaka kitu cha ofisini chini ya kiyoyozi au cha kwenye basi la usiku, ndio uzi wako. Scheepjes Whirl wa Uholanzi ni ndugu yake: pamba 60, akriliki 40, mita 1,000 vilevile. Ni mzuri, lakini bei yake iko juu zaidi, na macho yangu hayaoni sababu ya kulipa tofauti hiyo.

2. Alize Angora Gold Batik

Kwa Njombe, Makete, Lushoto, Limuru, ningeupandisha namba moja. Nao ni wa Uturuki: akriliki asilimia 80, sufu 10, moheri 10. Moheri ni manyoya ya mbuzi wa Angora, na Angora ni jina la zamani la mji wa Ankara. Gramu 100 zina mita 550, kwa hiyo madonge matatu hadi manne yanatosha, na kadigani nzima haifiki nusu kilo. Joto lake ni kubwa kuliko uzito wake.

Rangi zake hurudia. Maana yake unaweza kutafuta mahali rangi fulani inapoanza, ukakata hapo, na kuanza mkono wa pili pale ulipoanza wa kwanza. Vipande unavyovikata usitupe, vinafaa ukosi. Kama hutaki mapande manene mikononi, fuma mikono kwa madonge mawili yakipokezana, mistari miwili kwa miwili.

Jihadhari na kitu kimoja: manyoya yake hushikana, hivyo kufumua ni kazi ngumu, na ukivuta kwa nguvu uzi hukatika. Anayejifunza aanze na uzi laini usio na manyoya.

3. Lion Brand Mandala

Akriliki tupu, gramu 150, mita 540, mwembamba kidogo kuliko wa wastani. Huu wengi wetu tunaupata kwa ndugu walioko Marekani, ndani ya begi la mtu anayekuja likizo. Ukiagiza, agiza matatu kwa mkupuo na taja jina la rangi herufi kwa herufi, maana hakuna wa kurudi dukani kukufuatia la nne. Unafuliwa bila wasiwasi. Lakini usiupige pasi. Akriliki ikipata joto kali hulegea na kulala, haiamki tena, na pasi ya mkaa haina kipimo cha kupunguza moto.

4. Noro Silk Garden

Wa Japani: hariri 45, moheri 45, sufu ya mwanakondoo 10. Rangi zake ndizo nzuri kuliko zote nilizowahi kushika, hilo nasema bila kusita. Nimeuweka hapa chini kwa sababu donge la gramu 50 lina mita 100 tu. Piga hesabu: madonge kumi na mawili kwa uchache. Tena unakwaruza shingoni, unafuliwa kwa mkono na maji baridi, na nondo wanaupenda. Nunua madonge mawili, fuma skafu, uone kama ngozi yako inauvumilia.

5. Uzi wa madoa mafupi usio na karatasi

Huu unapatikana sokoni kwa bei ya chini, rangi zikigeuka kila sentimita chache. Rangi ya sentimita 10 ni vishono viwili tu, kwa hiyo hupati mistari, unapata madoadoa yanayojikusanya mahali pamoja kama nguo iliyomwagikiwa kitu. Kwa kadigani nzima, uache. Kwa ukingo wa mikono na mifuko juu ya nguo ya rangi moja, unapendeza sana.

Ukiununua, ujue kwanza kama ni akriliki, pamba au sufu. Kata kipande kifupi, ukishike kwa kibano juu ya sahani ya udongo, ukichome. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu hunuka nywele zilizoungua na hujizima yenyewe. Vifungo vinunue mwisho, kadigani ikiwa mkononi, kwa sababu rangi itakayoangukia ukingo wa mbele huwezi kuijua kabla hujafika hapo.