Kupima kilomita za baiskeli: kipi ununue kwanza

Watu wengi wananunua bendi ya mkononi wakijua itapima baiskeli kama inavyopima kutembea, sasa shida ni kwamba bendi isiyo na GPS inafuata mkono unavyocheza, na kwenye baiskeli mkono umeshika usukani umetulia, unapiga kilomita 30 safi yenyewe inakupa vihatua vichache, halafu njia ikiwa ya mashimo inaongeza hatua ambazo hujapiga. Kwa hiyo muulize muuzaji kitu kimoja tu: hiyo namba ya umbali inatoka wapi?

Mi naweka namba moja spidomita ya sumaku, zile za waya kama Cateye Velo 7. Sumaku inakaa kwenye njiti za gurudumu, sensa kwenye uma wa mbele, tairi likizunguka inahesabu, haijali miti wala maghorofa. Ila lazima uiambie mzunguko wa tairi lako. Tairi la saizi 700x25 ni kama milimita 2105, la 26x1.95 ni kama 2050, ukiacha 2105 kwenye tairi la 26 basi kila kilomita 100 inakuandikia karibu 103. Upime mwenyewe: jaza upepo wa kawaida yako, weka valvu chini kabisa, chora alama sakafuni, panda, mwenzako akushikilie (ukae kweli, uzito unabonyeza tairi na mzunguko unapungua), songa mpaka valvu irudi chini, chora tena, pima.

Namba mbili ni kompyuta ya baiskeli yenye GPS, mfano Garmin Edge. Bei imechangamka, inamfaa anayetaka na ramani. Ukiiongezea sensa ya kasi ya kwenye habu (kitovu cha gurudumu) hapo umemaliza kila kitu.

Tatu, saa yenye GPS yake yenyewe, Garmin Forerunner 55 kwa mfano. Barabara ya wazi kama ya kwenda Bagamoyo inapima vizuri tu, lakini pita Posta ya Dar katikati ya maghorofa uone, signali inagonga kuta na mstari unapanda juu ya majengo, kilomita zinaongezeka. Msituni kama Karura ya Nairobi inakuwa kinyume, kona nyingi, saa inaunga nukta kwa mstari mnyoofu na umbali unapungua, so iseti irekodi kila sekunde na usianze kukanyaga kabla haijashika satelaiti.

Nne ni simu yako na Strava, app ya kurekodi safari, bure, ila toa ile setingi ya kubana chaji maana inaweza kuzima GPS katikati ya safari.

Mwisho kabisa bendi kama Xiaomi Smart Band 8 na Fitbit Inspire 3. Hizi zinaazima GPS ya simu, kwa hiyo kwenye umbali unalipia kitu ambacho tayari kipo mfukoni, na muuzaji akikwambia "GPS ipo" mwambie aizime bluetuthi ya simu halafu aanzishe mazoezi ya baiskeli nje, mwone wote kama inashika. Kwa mapigo ya moyo na usingizi chukua tu, bei yake inalipa.